Fyekeo, fimbo namba saba na chalii niliyemharibu Olmotonyi

JUMAMOSI ya dabi, saa kumi na moja kasoro robo jioni, Olmotonyi yote imejazana kwenye vibanda umiza. Ukipita barabarani husikii kitu ila sauti ya mtangazaji na ile "aaah!" inayopasuka kutoka chini ya mabati. Mimi sipo huko. Niko nyuma ya misindano, kwenye kipande cha nyasi ambacho mwenyewe kaniruhusu nikitumie, pamoja na watoto wanne. Mmoja kashika fyekeo, lile lile analokwenda nalo shule.

"Kocha, nifyeke au nicheze?"

"Fyeka."

Anafyeka. Kiuno kinazunguka chenyewe, uzito unahama kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto, kisigino cha kulia kinanyanyuka bila mtu kukiambia. Nasubiri mara tano, sita, namnyang'anya fyekeo na kumpa fimbo ya gofu, namba saba. "Haya, fyeka tena." Mpira unaondoka, unapanda, unakwenda kuanguka karibu na mstari wa miti. Mtoto anaitazama ile fimbo kama vile imemtania.

Naipenda gofu kwa zaidi ya miaka 25 sasa. Hili la fyekeo nimelijua juzi tu, na gharama ya kulijua aliilipa mtu mwingine.

Najua mnataka kufungua ukurasa wa pili muone nani kafunga. Nipeni dakika chache. Hii ni habari ya ukocha, na hakuna watu wanaojua kumsema kocha kuliko nyie wa soka.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali. Olmotonyi si Olmoti kunakojengwa uwanja wa AFCON, ingawa kila wiki kuna mgeni anayeyachanganya majina hayo. Olmotonyi ni huku upande wa Ngaramtoni, kwenye mteremko wa magharibi wa Mlima Meru, kwenye Chuo cha Misitu kilichoanza tangu 1937. Jina lenyewe kwa Kimaasai linatokana na ndege, jambo linalonichekesha kila mara, maana kwenye gofu ukimaliza shimo kwa pigo moja pungufu, alama yako huitwa kwa jina la ndege mdogo, pungufu mawili ni tai, na pungufu matatu ni ndege mkubwa wa baharini. Zaidi ya hapo, Olmotonyi na gofu havikuwa na undugu. Huku tuna miti, ng'ombe, viazi na mabishano ya Simba na Yanga.

Gofu ilikuwa mjini. Nilipomaliza darasa la saba nilikaa nyumbani miezi kadhaa nikilisha ng'ombe, mpaka jirani yetu mmoja akanichukua kwenye Hiace kwenda kubeba mikoba ya wachezaji. Kazi ile tunaiita ukedi. Mkoba unaruhusiwa kuwa na fimbo zisizozidi 14, na siku ya kwanza nilidhani zote 14 zimejazwa mawe. Kedi hufundishwa mambo machache: wapi pa kusimama, lini pa kunyamaza, jinsi ya kufuata mpira kwa macho mpaka unapotua, na umbali wa kila fimbo mkononi mwa bosi wake. Kupiga hafundishwi. Anaiba kwa macho.

Na sisi tuliiba kweli kweli. Siku tulizoruhusiwa kucheza, kila kedi alipiga kama bosi wake. Aliyembebea daktari mnene alizungusha fimbo nusu kama mtu mwenye kitambi, na yeye mwenyewe mwembamba kama ufito. Mimi bosi wangu alikuwa na mapozi marefu kabla ya kupiga, nami nikawa na mapozi. Tulikuwa kama watoto wanaojifunza kwanza shangwe ya bao kabla ya kujua kufunga.

Njia hiyo si ya kuidharau. Afrika Mashariki wachezaji wengi wa kulipwa wameanzia chini ya mkoba. Arusha hii hii ina majina ambayo hata nyie mnaosoma kurasa za soka peke yake mmeyasikia, kama Madina Iddi kwa wanawake wa ridhaa na Nuru Mollel kwa wa kulipwa. Seve Ballesteros, Mhispania aliyechukua ubingwa wa Kenya Open pale Muthaiga mwaka 1978, utotoni alijifunza akiwa na fimbo moja tu, namba tatu, akipiga kwenye mchanga wa ufukweni kijijini kwao Pedreña. Macho na ubishi vinaweza kumfikisha mtu mbali. Tatizo linaanza pale aliyejifunza kwa macho anapoanza kufundisha kwa mdomo.

Hapo ndipo nilipofika mimi.

CHALII WA MIKONO ILIYOPISHANA

Miaka kumi na kitu iliyopita nilikuwa nacheza vizuri kiasi cha watu kuniuliza maswali. Mtu akipiga vibaya ananigeukia: "Nimekosea nini?" Nami nina jibu kila mara. Kichwa umekinyanyua. Kiwiko kimejikunja. Umeharakisha. Majibu haya yanafanana na yale ya kocha wa jukwaani anayepiga kelele "pasia!" baada ya mpira kupotea. Hayawezi kukosewa, kwa sababu hayamsaidii mtu.

Kijijini palikuwa na chalii mmoja, umri wa miaka kumi na minne hivi, ambaye alikuwa akinifuata nikifanya mazoezi. Siku moja nilimpa fimbo. Akaishika kinyume. Kwa anayepiga kwa kulia, mkono wa kushoto hukaa juu, karibu na ncha ya mpini, na wa kulia chini yake. Yeye alikaa wa kulia juu, wa kushoto chini. Jembe alilishika hivyo, fyekeo alilishika hivyo, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia ni kosa. Akapiga. Mpira ukanyooka kama umechorwa kwa rula. Akapiga mwingine, ukaufuata wa kwanza.

Mtu mwenye akili angekaa chini akatazama. Mimi nikasema, "Safi sana chalii, lakini hivyo sivyo unavyoshika." Nikambadilisha mikono.

Kuanzia wiki ile mipira ikaanza kukata kulia. Mpira unatoka, unapinda, unapotelea mtini. Nami nikawa na dawa tayari, ile niliyoisikia kwa wakubwa uwanjani: njia ya fimbo yako ni mbaya, ilete kutokea ndani. Akaileta kutokea ndani. Mpira ukatoka kulia zaidi. Nikamwambia bana kiwiko. Akabana. Tunza kichwa, kunja goti, geuza bega. Kila siku nilimwongezea kiungo kimoja cha mwili cha kufikiria. Ndani ya miezi mitatu, mtoto aliyekuwa anapiga kama anapumua akawa anasimama juu ya mpira kama mtu anayesoma mkataba wa mkopo.

Siku moja hakuja. Wiki iliyofuata nikamkuta barabarani, nikamuuliza. Akasema, "Kocha, ule mchezo si wangu." Alisema kwa heshima, bila hasira. Leo ni dereva wa bodaboda, tunasalimiana karibu kila siku. "Shikamoo kocha." Kila nikiitika marahaba, lile neno la mwisho linanichoma kidogo.

Nilikaa na maelezo yangu kwamba hakuwa na moyo. Makocha wote tuna maelezo hayo.

Halafu nikasoma habari za Papwa Sewgolum. Huyu alikuwa Mwafrika Kusini mwenye asili ya India, kedi wa Durban, hakusoma, na aliishika fimbo hivyo hivyo kinyume, mkono wa kushoto chini. Hakuna aliyemrekebisha. Akashinda Dutch Open mwaka 1959, akairudia 1960 na 1964. Mwaka 1963 akashinda Natal Open nyumbani kwao, wakati wa ubaguzi wa rangi, na kwa kuwa mtu wa rangi yake hakuruhusiwa kuingia kwenye jengo la klabu, walimkabidhi kombe nje kwenye mvua. Miaka miwili baadaye akashinda tena, na aliyemwacha nyuma alikuwa Gary Player.

Nilisoma habari hiyo mara mbili, nikaifunga simu. Ile mikono niliyoikuta kwa chalii wa Olmotonyi ilikuwa imeshabeba makombe Ulaya kabla mimi sijazaliwa.

NILICHOKUWA SIKIJUI

Tangu hapo nilianza kusoma upya mchezo niliodhani naujua, safari hii si kwa ajili ya kupiga bali kwa ajili ya kumtazama mwingine akipiga. Ni kazi mbili tofauti. Nyie mnalijua hili vizuri: Arrigo Sacchi alikuwa anauza viatu, hakuwahi kucheza soka la kulipwa, akaipa AC Milan ubingwa wa Ulaya mara mbili mfululizo, 1989 na 1990. Na mnaweza kunitajia wachezaji kumi wakubwa walioshindwa ukocha kabla hamjamaliza chai.

La kwanza kunivunja moyo lilikuwa hili la mpira kupinda. Kwa miaka mingi walimu wa gofu, hata wenye vyeti, walifundisha kwamba mpira huanza safari kuelekea kule fimbo inakopita, kisha hupindia kule uso wa fimbo unakoangalia. Ndiyo dawa niliyomnywesha chalii. Zilipokuja rada za kupima mpira, kama zile za Trackman za Denmark, ikaonekana mambo yako kinyume. Mwanzo wa safari ya mpira huamuliwa zaidi na uso wa fimbo unaangalia wapi wakati wa kugusana, tukio linalochukua karibu nusu ya elfu moja ya sekunde. Kupinda kunatokana na tofauti kati ya uso huo na njia ya fimbo. Mpiga faulo anaelewa: Roberto Carlos alipowafunga Wafaransa mwaka 1997, mpira uliozunguka ukuta ulizungushwa na mguu uliopita upande mmoja huku ukigusa upande mwingine.

Sasa rudi kwa chalii. Mikono yake ya zamani ilileta uso wa fimbo sawa kwenye mpira. Nilipoibadilisha, uso ukabaki wazi, unaangalia kulia. Ugonjwa ulikuwa kwenye vidole, mimi natibu njia ya fimbo. Na kila nilipoisukuma njia hiyo kwenda kulia, nilikuwa naongeza kuni.

La pili lilikuwa la mdomo wangu. Mwaka 1999 mtafiti Gabriele Wulf na wenzake walichukua watu wasiojua gofu, wakawafundisha pigo fupi. Kundi moja liliambiwa lifikirie mwendo wa mikono yao, jingine lifikirie mwendo wa fimbo. Waliofikiria fimbo walifanya vizuri zaidi, wakati wa mazoezi na hata walipopimwa baadaye. Baada yake zimekuja tafiti nyingi za namna hiyo kwenye michezo mingine, na zimeelekea huko huko. Fikiria sasa mimi na orodha yangu: kiwiko, kichwa, goti, bega. Nilikuwa nauvunja mwili wa mtoto vipande vipande, halafu namlaumu haungani.

Ndiyo maana siku hizi hapa kwangu hutasikia jina la kiungo. Nasema, fyeka nyasi ile. Nasema, rusha ndoo ya maji kwenye ule mti. Nasema, nataka kusikia upepo wa fimbo mbele ya mpira, sio nyuma yake. Hili la mwisho wanalipenda, wanageuza fimbo, wanashika upande wa chuma na kuupitisha mpini hewani, na kila mmoja anadai wake umelia zaidi.

Nilidhani fyekeo ni uvumbuzi wangu, nikaanza hata kujivuna. Kumbe mzee Harvey Penick wa Texas alikuwa amewaambia watu wafanye mazoezi kwa kifaa cha kukatia magugu, kwenye kitabu chake cha mwaka 1992 kilichotokana na daftari lake jekundu. Penick naye alianza ukedi, akiwa na miaka minane, akaishia kuwa mwalimu wa klabu ile ile ya Austin. Alilea wanafunzi wawili wakubwa kwa wakati mmoja, Tom Kite na Ben Crenshaw, na hakumruhusu mmoja kuangalia somo la mwenzake, kwa sababu dawa ya huyu ingeweza kumdhuru yule. Alifariki Aprili 2, 1995. Crenshaw alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake siku ya Jumatano, na Jumapili ya wiki hiyo hiyo akashinda Masters. Nikiwa na fedha ya kununua kitu kimoja cha historia ya gofu, ningenunua dakika tano za kumsikiliza mzee yule akimtazama mwanafunzi bila kusema neno.

Maana hiyo ndiyo sehemu ngumu. Kunyamaza. Mtoto anakosea mara ya kwanza, ya pili, ya tano, mzazi wake yuko pembeni anakuangalia anataka useme kitu ili ajue kuwa unajua. Nimejiwekea sheria ya mipira kumi: kabla hajapiga kumi sifungui mdomo. Mara nyingi kufika wa saba ameshajirekebisha mwenyewe, na mimi nabaki nimekunja mikono kama kocha aliyefanya mabadiliko ya kiufundi.

ELFU TANO YA MZAZI

Kuna jambo mashabiki wa soka watalishangaa. Mwezi wa kwanza mama mmoja alinifuata na noti ya elfu tano. "Mwalimu, ya soda." Nikaikataa, akaona najidai. Sikujidai. Sheria za wachezaji wa ridhaa zilizoanza kutumika Januari 1, 2022, zinazosimamiwa duniani na R&A ya St Andrews, Scotland, pamoja na chama cha Marekani, zinasema mchezaji wa ridhaa akipokea malipo ya kufundisha anapoteza uridhaa wake, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa. Zawadi ya fedha mashindanoni anaweza kuchukua mpaka dola 1,000. Soda ya mama yule ni hatari zaidi kwangu kuliko zawadi ya dola 1,000! Maziwa niliyapokea. Nikombe kimoja, na naomba watu wa St Andrews wasisome gazeti hili.

Ukiacha utani, hapo pana ukuta halisi. Kijana wa soka akitaka kufundisha anajua ngazi: leseni D ya CAF, C, B, A. Kwenye gofu, anayetaka kufundisha kwa malipo anatakiwa aamue kuwa wa kulipwa, na mafunzo kamili kama ya PGA ya Uingereza huchukua miaka mitatu. Kedi wa Arusha mwenye familia anaachaje kubeba mkoba miaka mitatu? Kwa hiyo anabaki pale kwenye tii ya kwanza, anamnong'oneza bosi wake kwamba uso wa fimbo uko wazi, bosi anapiga vizuri, na bahashishi ya siku ile inaongezeka kidogo. Ni somo, lakini haliitwi somo. Nawajua wawili watatu wenye jicho kali kuliko langu. Nimewaomba waje Olmotonyi siku moja moja wawatazame hawa watoto, na mmoja amekuja. Alikaa saa nzima, akasema sentensi mbili tu. Nilimwonea wivu.

Mimi nimechagua kubaki wa ridhaa na kufundisha bure, kwa sababu nina mshahara wa kazi nyingine. Siwezi kumwambia kedi afanye hivyo.

Vifaa ni vya kuokoteza. Fimbo sita, tatu zikiwa zimekatwa kwa watoto. Mipira nimeitoa majanini mjini kwa miaka mingi, mingine ina majina ya makampuni yaliyokwishakufa. Iliyopotea kwenye misindano tunaitafuta wote kwa mstari, kama watu wanaotafuta mbuzi.

Basi ile Jumamosi ya dabi tukiwa tunatafuta, tukasikia pikipiki imesimama barabarani. Ni yeye, chalii wangu, sasa ana ndevu. Nikadhani kaleta abiria. Akazima, akashuka, akaja akiwa na helmeti mkononi.

"Shikamoo kocha."

"Marahaba. Dabi vipi?"

"Mapumziko." Akawa anaiangalia fimbo namba saba iliyolala kwenye nyasi. "Bado unayo hii?"

Ilikuwa ile ile. Nikamsogezea kwa mguu. Akaiokota, akaishika kama nilivyomfundisha, wa kushoto juu, akaizungusha mara moja hewani. Akasita. Akanitazama. Mimi nikageuka kumwangalia mtoto aliyekuwa na fyekeo, maana sikujua niweke wapi uso wangu.

Niliposikia mlio nikageuka. Mikono ilikuwa imepishana, wa kulia juu. Mpira wa kwanza ulitambaa chini mita ishirini, watoto wakacheka. Wa pili ukaondoka na ule mlio ambao ukishausikia hauulizi ulikwenda wapi. Akaweka wa tatu. Simu yake ikaita, abiria yuko stendi ya Ngaramtoni anataka kuwahi Sakina.

"Nakuja," akasema kwenye simu, na akaupiga kwanza.